Kisangani: Waliokatwa miguu na vita walisafiri kilomita 1,700 kudai haki yao

Kupanda mashua kwenye bandari ya Kisangani si kazi nyepesi hata kwa mtu mwenye miguu yake yote miwili. Mara nyingi njia ya kupandia ni ubao mmoja tu, mwembamba, unaoyumba juu ya maji. Ndani ya mashua kuna magunia ya mchele, bidoni za mawese, kuku, mbuzi, majiko ya makala na watu waliolala bega kwa bega chini ya turubai.

Mwaka 2018, kikundi cha wanawake na wanaume wa Kisangani kilisafiri kwa njia hiyo kwenda Kinshasa. Baadhi yao walikuwa na mguu mmoja. Wengine walitembea kwa miguu ya bandia, wengine kwa magongo. Hawakuwa wafanyabiashara, wala hawakuwa wakienda kutembelea ndugu. Walikuwa wakienda kuuliza wakubwa wa nchi fidia yao iko wapi.

Ni wahanga wa Vita ya Siku Sita, vita ambayo majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na ya Uganda, yalipigana ndani ya mji wao mwezi wa Juni mwaka 2000. Walikuwa wamengoja miaka 18. Serikali haikuwafikia, basi waliamua kuifuata wao wenyewe, kilomita zipatazo 1,700 kwa njia ya mto.

Safari hiyo ilirekodiwa na Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Kisangani. Filamu yake, En route pour le milliard, ilitoka mwaka 2020 na ilikuwa filamu ya kwanza ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Lakini kwa wakaaji wa Kisangani, habari yenyewe ilianza miaka mingi kabla ya kamera kufika, na haijaisha hadi leo.

SIKU SITA ZA MWEZI WA JUNI

Vita kubwa ya mwaka 1998 ilipoanza, Rwanda na Uganda zilikuwa upande mmoja, zikiunga mkono waasi wa RCD dhidi ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Kisangani ilianguka mikononi mwao mwezi wa Agosti mwaka huo. Urafiki haukudumu. RCD ilipasuka vipande viwili, kimoja kikiegemea Kigali na kingine Kampala, na kila jeshi likataka kuushika mji huu ambao ni mlango wa mto, wa misitu na wa biashara ya almasi.

Majeshi hayo yalipambana mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1999. Yakapambana tena mwezi wa Mei 2000. Mara ya tatu ndiyo iliyovunja mji. Kuanzia Jumatatu tarehe 5 Juni hadi Jumamosi tarehe 10 Juni 2000, makombora yalianguka juu ya nyumba, shule, makanisa na vituo vya afya. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni makombora zaidi ya 6,600. Maji na umeme vilikatika. Familia zililala sakafuni, chini ya vitanda, bila kujua kama jirani yupo hai.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama Ripoti ya Mapping, iliyotolewa mwaka 2010, inasema kuwa raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo mbalimbali, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 za watu binafsi ziliharibiwa kabisa. Kanisa kuu la Notre-Dame nalo lilipigwa.

Tofauti hiyo kati ya 244 na 760 si jambo dogo. Maana yake ni kwamba kuna watu ambao hadi leo haijulikani kama walihesabiwa. Wengine walizikwa haraka, karibu na mahali walipoangukia, kwa sababu hapakuwa na njia ya kufika makaburini.

Na hapo ndipo wanapoonekana mashujaa wa kwanza wa habari hii. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu, vijana wa mji huohuo, walipita mitaani kuokota maiti na kuzizika. Wauguzi walitibu majeruhi wakiwa na vifaa vichache mno. Jirani aliyekuwa na ukuta imara alifungulia wengine mlango. Hakuna aliyewalipa, na wengi wao majina yao hayajaandikwa popote.

Bunduki ziliponyamaza Jumamosi, kesho yake ilikuwa Jumapili tarehe 11 Juni. Katika kalenda ya Kanisa, hiyo ilikuwa siku ya Pentekoste, sikukuu ya watu waliojifungia ndani kwa hofu na mwishowe wakafungua mlango na kutoka. Kwa Mkristo wa Kisangani, ni vigumu kusoma tarehe hizo mbili bila kuziona zikiwa pamoja.

MJI ULIOJIBEBA KWA BAISKELI

Baada ya vita, Kisangani ilibaki kama kisiwa. Mto ulikuwa umekatwa na mstari wa vita, barabara zilikuwa zimemezwa na msitu, mafuta ya gari yalikuwa adimu na ya bei kali. Wafanyakazi wa serikali hawakulipwa. Viwanda vilikuwa vimefungwa au vikifanya kazi kwa shida.

Katika hali hiyo, mji ulijibeba kwa baiskeli. Vijana walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli na kuanza kusafirisha watu kwa franka chache. Waliitwa toleka, neno la Lingala lenye maana ya “tupite”. Toleka ilibeba mwalimu kwenda shuleni, mama mjamzito kwenda kujifungua, mgonjwa kwenda hospitalini, na ndoo ya samaki kwenda sokoni. Kati ya waendeshaji walikuwamo wanafunzi waliojitafutia pesa ya minerval na baba wa familia waliopoteza kazi zao.

Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kijana aliyezaliwa baada ya vita anaweza kuiona baiskeli ya toleka kama kitu cha wazee. Lakini wakati ule, baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa, basi na lori la mji. Watu wanapotafuta ushujaa huwa wanatazama upande wa askari. Kisangani ina sababu ya kutazama upande wa kijana aliyekanyaga pedali kutoka alfajiri hadi usiku ili wadogo zake wale.

AHADI ILIYOANDIKWA

Siku sita tu baada ya vita kuisha, tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1304. Lilitaka majeshi ya Rwanda na Uganda yaondoke Kisangani. Tena lilisema kwamba nchi hizo mbili zinapaswa kulipa fidia kwa vifo na uharibifu walioufanya dhidi ya raia wa mji huo.

Hiyo ndiyo karatasi ambayo wahanga wameishika tangu siku ile. Hawakuomba sadaka. Walisoma ahadi iliyoandikwa na dunia nzima, wakaiamini.

Njia ya mahakama ilikuwa ndefu. Congo ilikuwa imeishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, Uholanzi, tangu mwaka 1999. Tarehe 19 Desemba 2005, mahakama hiyo iliamua kuwa Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na inapaswa kulipa. Kwa upande wa Rwanda, mambo yalikwenda kinyume: tarehe 3 Februari 2006 mahakama ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo. Haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema tu kwamba haiwezi kuihukumu. Kwa mama aliyepoteza mtoto, tofauti hiyo ni ngumu kueleweka. Kombora halikuja na jina la jeshi lililolirusha.

Baada ya hukumu ya 2005, Congo na Uganda zilipaswa kupatana juu ya kiasi cha pesa. Hazikupatana. Miaka ikapita kumi, ikazidi. Ndipo wahanga wakaamua kusafiri.

SAFARI YA MTONI

Waliposhuka mto, walikuwa wamekwisha kuandamana na kulalamika kwao Kisangani kwa miaka mingi. Walikuwa na chama chao na mikutano yao. Walikuwa pia na kikundi cha michezo ya kuigiza. Katika filamu ya Hamadi wanaonekana jukwaani wakionyesha kwa miili yao wenyewe yaliyowapata, ili anayewatazama asiweze kusema hakujua.

Mashua ilijaa watu. Mvua ilinyesha juu ya turubai, na maji yakaingia walikolala. Mtu mwenye mguu wa bandia hawezi kukimbilia mahali pakavu. Anangoja mvua iishe, au mwenzake amshike mkono. Siku zilipita hivyo, kijiji kwa kijiji, mchanga kwa mchanga, kwa sababu mto Congo una sehemu ambazo maji ni haba na mashua hukwama.

Walipofika Kinshasa, nchi ilikuwa katika joto la uchaguzi wa Desemba 2018. Mbele ya Palais du Peuple, makao ya Bunge, hawakupokewa kama watu waliotoka mbali kwa haki yao. Walisimama nje. Kwa watu wengi wa mji mkuu, Vita ya Siku Sita ilikuwa habari ya zamani, habari ya mahali pengine.

Ukipima kwa pesa, safari ile haikuleta kitu. Hawakurudi Kisangani na dola hata moja ya fidia. Lakini picha ya watu wale wakipanda ubao wa bandari ilizunguka dunia, na baada yake ilikuwa vigumu zaidi kwa yeyote kusema kwamba wahanga wa Kisangani ni hesabu tu ndani ya ripoti.

Waswahili husema subira yavuta heri. Watu wengi huielewa methali hiyo kama wito wa kukaa kimya na kungoja. Wahanga wa Kisangani wameifundisha maana nyingine. Kwao, kusubiri kulikuwa ni kutembea, kupanga mikutano, kutunza karatasi, kurudi tena ofisini walikofukuzwa jana.

IMANI INAYOLINDA

Imani iko kila mahali Kisangani. Wamisionari wa Kidehoni walifika katika eneo la maporomoko mwaka 1897, na leo mji umejaa parokia za Wakatoliki, makanisa ya Waprotestanti, ya Wakimbangu na ya uamsho, pamoja na misikiti ya Waislamu. Kila familia iliyopita katika vita itakuambia kwamba ilisali.

Lakini imani, kama moto, inaweza kupika na inaweza kuunguza. Hilo linaonekana katika filamu nyingine ya Hamadi, Maman Colonelle, ya mwaka 2017. Inamfuata Honorine Munyole, kanali wa polisi, mjane na mama wa watoto, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kikosi kinacholinda watoto na kupambana na ukatili dhidi ya wanawake.

Alipofika, Mama Kanali alikutana na makundi mawili. La kwanza lilikuwa wanawake walioumizwa na Vita ya Siku Sita: wajane na wanawake waliobakwa, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamepata mtu wa kuwasikiliza. La pili lilikuwa watoto walioitwa wachawi. Watoto hao walikuwa wamefukuzwa na familia zao, wakafungiwa na mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu, wakateswa kwa jina la maombi.

Munyole hakuwa na bajeti ya kutosha wala gari la kutosha. Alikuwa na sare yake na sauti yake. Aliwatoa watoto, akahangaika kutafuta mahali pa kulala na chakula, akawaomba wakaaji wa mji wachangie walichonacho. Wakaaji maskini wakachangia.

Hapo kuna kipimo rahisi cha imani, ambacho hakihitaji shule ya teolojia. Imani inayomfunga mtoto na kumnyima chakula, na imani inayomfanya mama wa sokoni atoe franka 500 kwa mtoto asiye wake, zote mbili zinaweza kutaja jina la Mungu. Matunda yake ndiyo yanayotofautiana. Katika nyakati ngumu, mji unahitaji kujua ni ipi inayoulinda.

PESA IMEFIKA, SWALI LIMEBAKI

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ya mwisho juu ya kiasi cha fidia: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa mali ya asili iliyoporwa. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 2022, na ilianza kulipa mwaka huo.

Serikali ilikuwa imeunda mfuko maalumu wa kugawa pesa hizo, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Kwa mara ya kwanza tangu 2000, wahanga hawakulazimika tena kushuka mto ili kupata mlango wa kugonga. Ofisi ilikuwa katika mji wao.

Lakini pesa nyingi mahali penye umaskini mwingi ni jaribu. Tarehe 2 Septemba 2025, mahakama ya juu ya Kinshasa, Cour de Cassation, ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa kwa kosa la kutaka kujipatia karibu dola milioni 20 zilizohusu ujenzi wa gereza Kisangani. Pesa hizo zilitoka katika mfuko wa FRIVAO. Mutamba alikana mashtaka na kusema ni njama dhidi yake.

Kwa wakaaji wa Kisangani, hukumu hiyo ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja, ilionyesha kwamba hata waziri anaweza kuulizwa juu ya pesa ya wahanga. Upande mwingine, ilifungua swali ambalo kila mhanga analijua: kama pesa iliyotolewa kwa jina langu inaweza kwenda kujenga gereza, nani analinda jina langu?

Swali hilo lina haraka. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Juni 2000 amekwisha kuwa mtu mzima mwenye umri wa zaidi ya miaka 25. Aliyekuwa na miaka 45 siku ile sasa amepita 70. Mguu wa bandia huchakaa na kuhitaji mwingine. Kipande cha chuma kilichobaki mwilini hakitoki kwa hotuba. Kila mwaka mwezi wa Juni, wahanga wanapokusanyika kukumbuka, kuna wenzao ambao hawapo tena, na waliokufa wakingoja hawatapata fidia yoyote duniani.

WANACHOFUNDISHA WENGINE

Mashariki yote ya Congo ina watu wanaongoja. Bukavu, Goma, Bunia, Beni, Butembo, Uvira: kila mji una orodha yake ya tarehe, ya majina na ya ahadi. Kisangani yenyewe haikuumizwa mara moja tu. Ilipita katika uasi wa 1964, vita ya 1996 na 1997, mapigano ya 1999 na 2000, mauaji ya Mei 2002, na tangu 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga, ambayo yalileta maelfu ya wakimbizi wa ndani mjini.

Ndiyo maana mfano wa wahanga wa Vita ya Siku Sita unafaa kutazamwa vizuri, hasa na vijana. Walifanya mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wa watu maskini. Kwanza, walikaa pamoja: chama kimoja chenye sauti moja, si kila mtu na malalamiko yake. Pili, walishika tarehe na karatasi. Walijua azimio nambari ngapi, hukumu ya siku gani. Tatu, walijionyesha. Hawakuficha vidonda vyao kwa aibu, kwa sababu aibu haikuwa yao.

Hakuna sanamu ya mtu wa toleka aliyembeba mama mjamzito usiku wa Juni. Hakuna barabara yenye jina la kijana wa Msalaba Mwekundu aliyefunika maiti ya mtu asiyemjua. Lakini kwenye bandari ya Kisangani, mashua bado zinapakia na ubao bado unayumba. Watu waliowahi kuupita kwa mguu mmoja wanaishi katika mji huohuo, mitaa ileile, na wengi wao bado wanasubiri kuitwa majina yao mbele ya dirisha la malipo.